Johnny Tsunami, Airborne ama Cool Runnings: gani ndio ya kuwekea watoto hii likizo ya baridi

Kuna hadithi moja Wamarekani waliipenda sana miaka ya tisini. Kijana wa pwani, maisha yake ni jua na mawimbi, anatolewa kwao anapelekwa mji wa theluji, hajui mtu, bodi yake haina kazi, kila mtu anamwangalia, na lazima ajipange upya. Ziko muvi tatu za familia zenye zinafuata hiyo njia ama zinapita karibu nayo, Johnny Tsunami ya 1999, Airborne ya 1993 na Cool Runnings ya 1993 pia, na nataka tuziweke pamoja juu likizo ya Agosti ndio hii, Nairobi bado iko na ile baridi ya kijivu yenye haitaki kuisha, watoto wako ndani na masweta, na nyumba nyingi saa hii ziko na mtoto mwenye amehamishwa juzi, pengine kutoka Mombasa ama Kilifi, pengine ni shule tu amebadilishiwa, na amenyamaza.

Wacha niseme jibu mapema ndio mwenye haraka aende kupika. Kama mtoto wako ako kati ya miaka nane na kumi na tatu, na shida yenyewe ni kuhama, weka Johnny Tsunami. Kama nyumba imejaa, shosho amekuja, wajomba wako, na watoto wa jirani wamekaa kwa mkeka, weka Cool Runnings na hutajuta. Airborne ni ya kijana mkubwa kidogo mwenye anaishi kwa skeiti, na hata hapo nina maneno.

Sasa sababu. Mimi nikichagulia watoto muvi siangalii sana kama ina vituko ama kama inachekesha, hiyo iko kwa zote tatu. Naangalia kitu kimoja, mzazi ako wapi ndani ya hadithi. Juu mtoto amehamishwa na nani? Ni mzazi. Ndiye alipata kazi mpya, ndiye alisema tunaenda, ndiye alichagua shule. Sasa muvi ikiongea kuhusu kuhama na imemtoa mzazi nje ya picha, mtoto ataona michezo mizuri ya barafu na atalala, lakini lile jambo lenye liko kati yenu litabaki penye lilikuwa.

Tuanze na Johnny Tsunami. Hii ilitengenezewa Disney Channel, ikatoka Julai 1999, muongozaji ni Steve Boyum. Johnny Kapahaala ni kijana wa miaka kumi na tatu wa Hawaii, ameigizwa na Brandon Baker, na mtu anamheshimu kuliko wote ni babu yake, huyo mzee ndiye anaitwa Johnny Tsunami mwenyewe, bingwa wa zamani wa kuteleza mawimbini, ameigizwa na Cary-Hiroyuki Tagawa. Wale walikuwa wanaangalia Mortal Kombat ya 1995 watamtambua haraka, ndiye alikuwa Shang Tsung, na kumuona hapa akiwa babu mpole mwenye busara ni raha kabisa. Katikati ya babu na mjukuu ndio kuna Pete, baba ya Johnny, mtu wa kompyuta, na Pete hana haja na bahari. Amekua akiona baba yake akifuata mawimbi na anaona hayo si maisha. Kazi inamwita Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani, theluji tupu, na familia inabeba vitu.

Pete anamwingiza kijana shule ya kibinafsi, ile ya yunifomu na tai, penye wanafunzi wote wanacheza skii, zile mbao mbili ndefu za kuteleza kwa theluji, moja kwa kila mguu. Upande ule mwingine kuna watoto wa shule ya serikali na wao wanatumia snoubodi, ule ubao mmoja mpana wa kusimama na miguu yote miwili. Wale wa skii wanaitwa Skies, wale wa snoubodi wanaitwa Urchins, na mlima umegawanywa, huku ni kwetu kule ni kwenu. Johnny anavaa skii na mambo yanamwendea vibaya, kisha anakutana na Sam, kijana mweusi wa shule ya serikali mwenye baba yake ni mwanajeshi, huyo ndiye anamfunza snoubodi, na hapo ndio mwili wake unakumbuka bahari. Sam ameigizwa na Lee Thompson Young, alikuwa na kipaji kikubwa sana, alifariki 2013 akiwa na miaka ishirini na tisa tu, na kila nikimuona kwa hii muvi naona venye alikuwa anaigiza bila kujilazimisha, anabeba nusu ya hadithi na hasukumani na mtu.

Penye hii muvi inanishika ni hapa: mzazi wa Nairobi anamjua Pete. Tunamjua sana. Ni yule mtu ametoka ushago ama pwani, baba yake alikuwa mvuvi ama alikuwa fundi, pesa ilikuwa inakuja ikipenda, na yeye akaapa watoto wake hawatakaa hivyo, ndio maana amelipa karo ya shule yenye iko na basi na bleza, na mtoto akisema hapendi hiyo shule yeye anasikia matusi. Muvi haimfanyi Pete kuwa mtu mbaya. Anampenda mtoto wake, anafanya kazi kweli kweli, tena ako na hoja. Lakini hajawahi kumaliza maneno na baba yake mwenyewe, na hayo maneno yamekuja kuangukia mtoto. Kuna mahali Sam anaambiwa baba yake anapelekwa Iceland, kwa hivyo wao pia wanahama tena, na hawa vijana wawili wanaamua kutoroka mpaka Hawaii kwa babu. Na babu, mwenye ungefikiria atasema kaeni hapa mambo ya Vermont muyasahau, anawafanya warudi. Hiyo sehemu ndio nataka kila babu na kila nyanya Nairobi aione, juu wajukuu wetu wakikosana na wazazi wanakimbilianga kwa shosho, na shosho ako na nguvu ya kutuliza ama kuharibu.

Na hilo la mlima kugawanywa, watu wengine wanaona ni mambo ya kuchora tu, hapana. Ni kweli kabisa. Snoubodi yenyewe ilizaliwa kutoka kwa wazo la bahari: 1965 mtu wa Michigan anaitwa Sherman Poppen alifunga skii mbili pamoja ndio watoto wake wasimame juu yake kama wanateleza mawimbini, ikaitwa Snurfer, jina limetoka kwa maneno mawili ya Kizungu, snow na surf, yaani theluji na kuteleza mawimbini. Baadaye Jake Burton Carpenter akaanza kutengeneza bodi zake huko Vermont, 1977, huko huko penye muvi imewekwa. Na milima mingi ilikuwa inakataza hizo bodi kabisa, wenye skii walisema hawa vijana ni wahuni na wanaharibu njia. Mpaka leo Marekani imebaki na milima mitatu inayokataza snoubodi, Mad River Glen ya Vermont, na Alta na Deer Valley za Utah, na hii muvi sehemu za theluji zilipigwa picha Utah. Olimpiki yenyewe ilikubali snoubodi Nagano, Japani, 1998, mwaka mmoja tu kabla ya Johnny Tsunami kutoka. Kwa hivyo watoto wakikuuliza, kwani mtu anaweza kukatazwa mlima juu ya bodi, waambie ndio, na bado inafanyika.

Swali lingine watoto watauliza ni kama kweli mtu wa mawimbi anaweza kujua snoubodi haraka hivyo. Jibu ni kwamba kuna kitu anabeba na kuna kitu lazima ajifunze. Kwa bodi zote mbili unasimama upande, mguu mmoja mbele, na unageuka kwa kuweka uzito kwa vidole ama kwa kisigino, kwa hivyo hiyo hisia ya kusoma chini na kuinama kabla ya kona anayo. Skii ni kitu kingine, miguu imeangalia mbele na kila mguu uko na ubao wake, ndio maana Johnny anataabika nayo. Lakini kwa theluji miguu inafungwa kwa bodi, baharini iko huru, na wimbi linakusukuma lenyewe na kuisha, mlima hauishi mpaka ufike chini. Mtoto akitaka kuonja hiyo hisia hapa Nairobi ako na mahali, Shangilia kule Kangemi kuna uwanja wa skeitibodi tangu 2013, unasimama vile vile, upande, mguu mbele.

Basi hiyo ndiyo ya kwanza. Udhaifu wake? Uko. Ni muvi ya televisheni, pesa haikuwa nyingi, na saa ingine inaonekana, zile mbio za milimani zimekatwa katwa na unaona huyu mwenye anaruka si yule mwenye alikuwa anaongea. Brett, yule kijana mbaya wa skii, ni mbaya tu basi, hatuambiwi kwa nini. Mama ya Johnny amepewa maneno machache sana na hiyo inaniuma, juu mara nyingi mama ndiye anabeba kazi yote ya kuhama, kutafuta nyumba, kutuliza watoto, na hapa amekaa pembeni akiangalia wanaume watatu wakivutana. Lakini kwa mtoto wa miaka kumi haya hayaonekani, yeye anaona mtu wa rika lake akiteseka na kupata rafiki.

Airborne sasa. Hii ndiyo inakaribiana sana na Johnny Tsunami kwa karatasi, hata wengine wanadhani ni moja. Mitchell Goosen ni kijana wa California, mteleza mawimbi, wazazi wake wanapata kazi ya utafiti wa wanyama Australia na hawawezi kwenda naye, wanamtuma akae na mjomba na shangazi Cincinnati, Ohio, katikati ya baridi. Muongozaji ni Rob Bowman. Binamu yake Wiley ameigizwa na Seth Green, na kuna kijana mwingine hapo kati ya wale vijana wa shule wenye wanacheza hoki, Augie, ukimwangalia vizuri utaona ni Jack Black akiwa bado mdogo, hajulikani. Watoto wenye wanamjua Jack Black kwa sauti ya yule panda wa Kung Fu Panda watafurahia kumtafuta.

Mitchell hana bahari Cincinnati na hana mlima pia, ako na skeiti, zile za magurudumu manne yamepangwa mstari mmoja, na hadithi inaenda mpaka mashindano ya kushuka barabara moja ya mteremko mkali inaitwa Devil's Backbone. Hiyo sehemu ya mwisho, lazima niseme ukweli, ni nzuri kuliko mbio zote za Johnny Tsunami. Kamera iko chini karibu na lami, magari yanapita, kona ni kali, na wale wanateleza wanajua kazi. Kijana yeyote wa Nairobi mwenye wikendi anaenda kuskeiti kule mjini, wale unawaona Aga Khan Walk wakipita katikati ya watu bila kugusa mtu, ataiangalia akiwa amesimama.

Lakini theluji yenyewe ni ya mwanzoni zaidi, baadaye hadithi inahamia lami, kwa hivyo kama ulitaka watoto waone theluji hutaipata ya kutosha. Na kile kigezo changu, mzazi ako wapi, hapa jibu ni Australia. Ameenda. Mjomba na shangazi ni watu wazuri, wanachekesha, wanapika vitu vya ajabu, ila hakuna mtu mzima mwenye Mitchell anagombana naye kwa jambo la maana, na hakuna mwenye anamuuliza unaendeleaje. Shida zote ni za vijana kwa vijana, wale wa hoki wanamtesa, wanamtesa tena, yeye anakataa kupigana. Hilo la kukataa kupigana ni zuri na ningependa tuone zaidi ya hiyo kwa muvi, anatulia na anarudi kwa bahari kichwani mwake. Taabu ni kwamba ile sehemu ya kuteswa ni ndefu mno na imefanywa ichekeshe, na kama mtoto wako amehamia shule mpya na kuna watu wanamsumbua huko, hatacheka, atakaa kimya na wewe hutajua kwa nini. Nimeona hiyo na mtoto wa jamaa yangu, alitoka kwenda chumbani kabla nusu. Kwa hivyo uliza kwanza shule inaendaje ndio uweke.

Kuna pia lugha ya vijana wa California wa wakati huo, imezeeka, watoto wa leo hawataelewa nusu, na msichana Nikki amewekwa hapo kwa ajili ya kupendwa tu. Kwa watoto wadogo ningeruka. Kwa kijana wa Gredi ya tisa kwenda juu mwenye anapenda magurudumu, weka, na ukae naye.

Cool Runnings haina kijana wa mawimbi, lazima niseme hivyo ndio mtu asiseme nimemdanganya, lakini ni hadithi ya watu wa kisiwa na jua wanaingia baridi, na kati ya hizi tatu ndiyo kubwa. Ilienda kwa sinema dunia nzima, muongozaji ni Jon Turteltaub, John Candy ndiye kocha Irv, na vijana wanne wa Jamaica ni Leon, Doug E. Doug, Rawle D. Lewis na Malik Yoba. Derice ni mkimbiaji wa mita mia, anakosa nafasi ya Olimpiki juu mwenzake amemwangusha kwa mchujo, na anaamua ataenda Olimpiki ya baridi na bobsledi, ile gari ya barafu ya watu wanne, na hakuna hata mmoja wao amewahi kuona barafu nje ya friji.

Ile wanafika Calgary na nguo za Jamaica na mlango wa eapoti unafunguka na baridi inawaingia, hiyo ni dakika yenye kila mtu wa nyumba atacheka, kuanzia mtoto wa miaka mitano mpaka guka. Na watoto wetu wanaona watu weusi wanne wakiwa ndio wenye hadithi, si rafiki wa mwenye hadithi. Kwa hilo peke yake Cool Runnings iko mbele ya zile zingine. Mzazi ako wapi? Ako, kwa upande mmoja, kuna Junior, baba yake ni tajiri na ameshampangia kazi Miami, na Junior anamficha mambo ya bobsledi mpaka mzee anamfuata Kanada kumrudisha. Ile sehemu ya Junior akisimama mbele ya baba yake ni fupi lakini ni kali, wazazi watasikia. Ila ni tawi moja la hadithi. Mti wenyewe ni timu, heshima, na kocha mwenye aliwahi kudanganya kwenye mashindano na anabeba hiyo aibu.

Waambie watoto kilichotokea kweli, lakini baada ya muvi, usiharibu. Timu ya Jamaica ilikuwa Calgary 1988 kweli, na wengi wao walikuwa wanajeshi: Dudley Stokes alikuwa rubani wa helikopta, Devon Harris alikuwa luteni, Michael White pia alitoka jeshini, na Chris Stokes, ndugu ya Dudley, ndiye alikuwa mkimbiaji. Wazo lilitoka kwa Wamarekani wawili, George Fitch na William Maloney, wenye waliona mashindano ya mikokoteni Jamaica wakaona inafanana na bobsledi. Walipinduka kweli kwa barafu na wakatembea mpaka mwisho na watu wakawapigia makofi, ila kubeba gari mabegani ni ya muvi, kweli walitembea kando yake ikisukumwa. Na chuki ya timu zingine kwa muvi imeongezwa sana, timu zingine ziliwasaidia hata na magari ya ziada. Mimi napenda kuwaambia watoto hiyo ya mwisho zaidi, juu mtoto mwenye amehamia mahali anahitaji kusikia pia kwamba wageni wengi hupokelewa.

Na hapa ndio Mkenya ako na kitu cha kuongeza chenye Mmarekani hana. Philip Boit. Mkimbiaji wa kwetu Bonde la Ufa, akaenda kufunzwa skii Finland, akaenda Nagano 1998, Olimpiki ile ile yenye snoubodi ilianza, akaingia kilomita kumi za skii ya kutembea. Alimaliza wa mwisho, kama dakika ishirini nyuma ya mshindi, mvua na theluji imelowa. Na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, mmoja wa wakubwa kabisa wa mchezo huo, alikataa kwenda kwa sherehe ya medali mpaka amngoje pale mwisho amkumbatie. Boit akarudi nyumbani akampa mtoto wake jina Daehlie, na akarudi Olimpiki 2002 na 2006. Mtoto wa Nairobi akiona Cool Runnings na asiambiwe hii, amenyimwa. Ongeza na Sabrina Simader, mwanamke wa kwanza wa Kenya kwa Olimpiki ya baridi, 2018, alizaliwa hapa akalelewa Austria, huyo ni mtoto aliyehamia theluji kabisa kabisa.

Hapo Cool Runnings inakuwa ngumu kuipita, najua. Mbona basi nasema Johnny Tsunami kwa mtoto mwenye amehama? Juu Cool Runnings ni ya watu wazima wameamua wenyewe kwenda kwa baridi. Wana ndoto, wanaifuata, na mashindano yakiisha wanarudi kwao. Mtoto wako hajaamua chochote. Ameambiwa Ijumaa, Jumatatu lori liko nje. Johnny ndiye ako hapo, anachukia, anatoroka, anarudishwa, na pole pole anapata kitu cha kupenda mahali hakuchagua, bila kuambiwa asahau kwao. Hiyo tofauti watoto wanaisikia hata kama hawawezi kuisema.

Mambo madogo ya kujua kabla hujaweka. Zote tatu ni kama saa moja na nusu, Cool Runnings inapita kidogo. Kizungu cha Johnny Tsunami ndicho rahisi kufuata kwa mtoto, cha Airborne ni cha mtaa wa California, cha Cool Runnings kina lafudhi ya Jamaica yenye watoto wengine wataipenda na wengine itawapita, kwa hivyo kama kuna wadogo mmoja wenu awe anawatafsiria kwa sauti, afanye kama DJ Afro, na kusema kweli Cool Runnings ikifanyiwa hivyo inakuwa sherehe. Cool Runnings ina ngumi kidogo za baa na pombe inaonekana, Airborne ina ubabe mwingi nilishasema, Johnny Tsunami ni safi kabisa, unaweza kuwaacha nayo ukaenda kuangalia sufuria, ingawa nakuomba usiende. Na usichukue ile alama ya Marekani ya umri kama ndiyo ya hapa, bodi yetu ya filamu inapanga kivyake.

Watoto watauliza kama Kenya kuna theluji. Kuna, juu Mlima Kenya, ukifika Lenana mita 4,985 unaikuta, ingawa barafu yenyewe inapungua. Na 2008 mvua ya mawe ilianguka Busara karibu na Nyahururu ikafunika ardhi nyeupe, watu wakatoka kuichezea na kuibeba kwa mikono wakisema theluji imekuja. Kama mtoto anataka kusimama juu ya barafu kabisa, hoteli ya Panari kule Mombasa Road ilifungua uwanja wa barafu 2005 na timu yetu ya hoki, Ice Lions, imefanyia mazoezi hapo, piga simu kwanza ujue saa na bei.

Mtu mwingine ataniuliza kuhusu ile ya pili ya Johnny, Johnny Kapahala: Back on Board ya 2007. Johnny amekua, anarudi Hawaii kwa harusi ya babu, na anapata ana mjomba wa miaka kumi na mbili, mtoto wa huyo bibi harusi, ameigizwa na Jake T. Austin, mwenye amekasirika na hiyo ndoa. Hiyo si hadithi ya theluji, ni ya bodi za magurudumu za kushuka milima ya udongo. Ni nzuri kwa nyumba zenye kuna ndoa mpya na watoto wanajifunza kuitana ndugu, hiyo nayo ni hali ya watu wengi, lakini usianze nayo, mpaka mtoto awe amempenda babu kwa ile ya kwanza.

Kwa hivyo kama una usiku mbili wikendi hii, Ijumaa weka Johnny Tsunami na watoto peke yao, taa zizimwe, ukae hapo hapo kwa kiti, na ile sehemu ya kutoroka kwenda Hawaii usiseme kitu, waache waongee wao. Jumamosi wageni wakija weka Cool Runnings, na mkimaliza wape ya Boit. Airborne iwekee yule mkubwa Jumapili mchana akirudi na skeiti zake.